Chuo Mlango Wake, Mkopo Mlango Wake

Mwezi wa tisa, mwaka juzi, mama mmoja alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yangu hapa Masasi. Mkononi ana bahasha ya kaki, ameifunika na kanga isiingie vumbi. Nilimkaribisha kiti, akakataa. "Mwalimu," akasema, "wiki mbili nyuma tumeambiwa binti kachaguliwa vyuo viwili, tukachinja na kuku. Leo anaambiwa hana hata kimoja. Vyuo viwili vinapoteaje?"

Nilifungua bahasha. Binti alisoma CBG: Kemia D, Baiolojia C, Jiografia C. Ufaulu huo unatosha kabisa kwa fani ya kilimo aliyoitaka. Darasani hakukosa kitu. Alichokosa ni meseji moja ya simu.

Maombi yake yalijazwa steshenari. Binti alikuwa kambini JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, mama anatumia simu ya tochi ambayo chaji yake inategemea sola ya jirani. Kijana wa steshenari akasaidia kwa moyo mweupe: akafungua akaunti, akaweka nywila anayoijua yeye, na palipotakiwa namba ya simu akaandika ya kwake. Namba ya kuthibitisha chuo ikatumwa huko. Kijana alikuwa ameshabadilisha laini. Siku za kuthibitisha zikapita, nafasi zote mbili zikaenda.

Ninafundisha kidato cha tano na sita, na kila mwaka naona watoto wa Mtwara na Lindi wenye alama nzuri wakikwama njiani. Wengi wao mtihani hauwasumbui. Wanaosumbuka ni wale ambao hakuna aliyewapangia mambo yote haya kwa mpangilio unaoeleweka, na nyumbani hakuna aliyewahi kuipita njia hiyo. Kwa hiyo nitajaribu kuyapanga hapa, na nitakaa zaidi pale ninapoona watu wanaanguka.

Ofisi tano, kazi tano

Vurugu kubwa inaanza kwa kuchanganya ofisi. Zipo tano zinazomhusu mtoto, na kila moja ina kazi yake ambayo nyingine haiifanyi.

Baraza la Mitihani, yaani NECTA, linatoa matokeo, kwa kawaida mwezi wa saba. Kazi yake kwa mtoto inaishia hapo. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inaweka vigezo vya chini vya kuingia chuo kikuu, inatoa kitabu cha mwongozo kila mwaka, inapanga tarehe za kufungua na kufunga maombi, na inahakiki majina ya waliochaguliwa. Chuo chenyewe ndicho kinachopokea maombi na kuchagua. RITA, wakala wa serikali wa usajili, inahakiki cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kama mtoto amefiwa na mzazi. Bodi ya Mikopo, HESLB, inahusika na fedha peke yake.

Sasa mjomba aliyesoma chuo mwaka 2012 atamwambia mpwa wake, "Nenda kaombe TCU." Hakosei kwa wakati wake. Kuanzia mwaka 2010 maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa pamoja uliokuwa chini ya TCU. Mfumo huo uliachwa, na tangu mwaka wa masomo wa 2017/18 mwanafunzi anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, kwenye tovuti ya chuo hicho. Akitaka vyuo vitatu, anaomba mara tatu, analipa ada ya maombi mara tatu, na kila chuo kinamchagua bila kujali mwenzake. Ndiyo maana mtu anaweza kupata vyuo viwili au vitatu kwa mpigo, na ndiyo maana lipo jambo la kuthibitisha, ambalo nitalirudia.

La kushika hapa ni moja. Kupata chuo hakukupi mkopo, na kuomba mkopo hakukuombei chuo. Nimeshaona mtoto wa Tandahimba aliyejaza fomu ya mkopo vizuri, mihuri yote ipo, akakaa nyumbani kwa amani akisubiri "waniite chuo". Hakuna aliyemwita, maana hakuna chuo kilichokuwa na jina lake.

Pointi zinazohesabiwa kinyumenyume

Mzazi akisikia "pointi" anasikia kitu kimoja, kumbe ni hesabu mbili zinazokwenda pande tofauti.

Kwenye matokeo ya NECTA, daraja linapatikana kwa hesabu ambayo A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5. Hapo kidogo ndiyo kizuri. Binti wa yule mama, kwa C mbili na D moja, alikuwa na pointi 10, na hilo ni daraja la pili. Vyuo vinahesabu vingine: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hapo kikubwa ndicho kizuri, na binti huyohuyo anakuwa na pointi 8. Mzazi akiona tangazo kwamba fani fulani inataka "pointi 6", halafu kwenye karatasi ya mwanawe anaona 10, anaweza kudhani mtoto ameshindwa au amepitiliza, wakati hizo ni hesabu mbili zisizokutana.

Kigezo cha chini cha TCU kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa kiwango cha A hadi E katika masomo mawili, na masomo hayo mawili yafikishe pointi 4. D mbili zinatosha. C na E zinatosha. D na E hazitoshi. Na lazima yawe mawili kweli. Nimewahi kumfundisha kijana wa HKL aliyepata A ya Kiswahili, akapata S ya Historia na S ya Kiingereza. A peke yake ni pointi 5, lakini S haihesabiki kuwa ufaulu mkuu, kwa hiyo alibaki na somo moja na mlango wa shahada haukufunguka mwaka ule. General Studies haiingii kwenye hesabu hii, iwe A au F.

Pointi 4 ni za kukuruhusu kusimama kwenye foleni. Kuchaguliwa ni kitu kingine. Chuo chenye nafasi 100 za sheria na waombaji wengi kitaanza juu kushuka chini, na mwenye pointi 4 atakuwa mkiani. Hapo ndipo watoto wengi wanapojidanganya: wanasoma kigezo cha chini wanakidhani ni ahadi. Mimi huwaambia wapange machaguo yao kama mvuvi wa Mikindani anavyotega. Nyavu moja mbali kwenye samaki wakubwa, nyavu moja au mbili mahali ambapo anajua hatakosa kitoweo. Fani moja ya ndoto, mbili za uwezo wako halisi, moja ambayo kwa alama zako ni vigumu kukukataa, na zote ziwe fani ambazo ukizipata utazisoma.

Kitabu kisichosomwa

Kitabu cha mwongozo cha TCU kinapatikana bure kwenye tovuti yao, na kipo cha wahitimu wa kidato cha sita na cha wenye stashahada. Kimeandikwa kwa Kiingereza, ni kirefu, na watoto wanakikimbia. Ningekuwa na uwezo ningekiweka ukutani kila darasa la kidato cha tano. Kwa kila chuo kinaorodhesha fani zote, masomo yanayotakiwa, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya kusoma. Majibu ya maswali ambayo watu wanalipia kwa madalali yamo humo.

Ukikisoma utagundua kwamba mengi huamuliwa kabla hata mtoto hajaingia kidato cha tano, siku anapojaza tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo atakayosoma, "kombi" kama wanavyoiita wenyewe. Udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu, na pointi zisizopungua 6. Mtoto wa CBG hana Fizikia. Apate A tatu, asifiwe mkoa mzima, bado mlango huo si wake. Uhandisi kwa kawaida unataka Fizikia na Hisabati za juu, kwa hiyo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) ni vigumu kuingilia hapo. Mwaka 2024 serikali ilipanua tahasusi hadi kufikia 65, jambo ambalo limewapa watoto uwanja mpana zaidi, lakini pia limeongeza haja ya kuuliza mapema: kombi hii inafungua fani zipi, na inafunga zipi?

Hata masomo ya kidato cha nne hayafi. Mtoto wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) anayetaka uhasibu au biashara ataulizwa Hisabati zake za kidato cha nne. Kama alipata F akazizika, zinafufuka hapa.

Mzazi wa kidato cha nne anayesoma haya, matokeo yakitoka Januari mtoto ana nafasi ya kubadilisha machaguo yake ya tahasusi kwenye mfumo wa TAMISEMI kabla ya kupangiwa shule. Usiku mmoja wa kukaa naye na kile kitabu unaweza kumwokolea miaka miwili.

Na kwa mtoto ambaye kidato cha tano hakipo au hakitaki, njia ya stashahada ni njia kamili. Vyuo vya kati viko chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na hapa kwetu vipo: kilimo pale Naliendele, ualimu Mtwara na Nachingwea, afya Mtwara, Lindi na Masasi, uhasibu kwenye tawi la TIA, Taasisi ya Uhasibu Tanzania, Mtwara. Akimaliza stashahada na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 au zaidi, anaweza kuomba shahada kwa vigezo vya kundi lake, akiwa na namba ya uhakiki wa tuzo yake kutoka NACTVET. Anafika chuo kikuu akiwa tayari na kazi mkononi. Kwa familia nyingi ninazozijua, hesabu hii ndiyo iliyo bora.

Kalenda ya korosho na kalenda ya maombi

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penye maumivu ya watu wa kusini hasa.

Mitihani ya kidato cha sita ni Mei. Dirisha la mkopo, yaani kipindi cha kupokea maombi, kwa miaka ya karibuni limekuwa likifunguliwa Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti au kusogezwa kidogo. Matokeo Julai, na dirisha la kwanza la vyuo linafunguka katikati ya Julai, siku chache baada ya matokeo, linafungwa Agosti. Majina Septemba, dirisha la pili likifuata hapohapo. Vyuo vinafunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba.

Sasa itazame miezi hiyo kwa macho ya mkulima wa Newala. Juni hadi Agosti mkorosho unatoa maua, na fedha inatoka mfukoni kwenda kwenye salfa na vibarua wa kupuliza. Minada ya korosho inaanza Oktoba. Maana yake shilingi 30,000 ya fomu ya mkopo, ada za maombi ya vyuo, nauli ya kwenda mjini, muhuri wa wakili, vyote vinadaiwa katika miezi ambayo nyumba haina kitu. Mwenzake wa Kilwa, Liwale au Nachingwea ana nafuu kidogo, ufuta unauzwa kuanzia Juni. Wa Newala na Tandahimba anakopa, au anaahirisha, na kuahirisha ndiko kunakoua.

Ushauri wangu kwa wazazi wa mtoto aliye kidato cha sita ni huu: shughulika na makaratasi Desemba. Mtoto yuko likizo, miezi mitano kabla ya mtihani, na malipo ya korosho kutoka chama cha msingi yameanza kuingia benki. Kabla bati halijanunuliwa na kabla ya ngoma, toa fungu la makaratasi. Kuhakiki cheti RITA hakusubiri matokeo. Kusahihisha jina hakusubiri matokeo. Picha ndogo, kitambulisho cha mdhamini, laini ya simu iliyosajiliwa kwa namba ya NIDA, vyote vinawezekana Desemba. Na fungu jingine dogo likae kwenye akaunti likisubiri Julai, lisiguswe hata kwa msiba wa jirani.

Cheti cha kuzaliwa ni mtihani wake. Watoto wanaomaliza kidato cha sita sasa walizaliwa kabla ya mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kufika mikoa yetu, na ulipofika walikuwa wameshavuka umri. Wengi walizaliwa nyumbani au zahanati, na kadi ya kliniki ndiyo kumbukumbu pekee. Cheti kinaanzia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Anza huko mapema, kwa kuwa ushahidi wa kuzaliwa unahitaji watu, na watu wanahama na wanakufa.

Halafu majina. Nilipokaa na karatasi za darasa langu la mwaka jana nilikuta Zainabu na Zainab ni mtu mmoja, Mohamedi, Mohamed na Muhamadi ni mtu mmoja, na kijana mmoja ambaye cheti cha kuzaliwa kinabeba jina la babu mzaa baba, cha shule kinabeba ukoo wa upande wa mama. Kwa mwanadamu hayo ni mambo ya kuchekeana. Mfumo wa kompyuta unaona watu wawili. Jina lisipolingana na cheti cha kidato cha nne, wakili anaweza kuandaa hati ya jina inayokubalika, lakini inachukua muda na fedha. Desemba muda upo. Agosti haupo.

JKT na laini ya simu

Wahitimu wa kidato cha sita wanaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, kwa kawaida kuanzia mwisho wa Mei au Juni. Mtoto wa Masasi anaweza kupangiwa Bulombora kule Kigoma. Kule simu haiwi mkononi mwake kama nyumbani, na miezi hiyohiyo ndiyo ya mkopo na vyuo. Kwa hiyo wengi wanaombewa na mtu mwingine. Sikatazi. Nakataza kuombewa bila kujipanga.

Kabla hajaondoka, mtoto aandike kwa mkono wake kwenye daftari: namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na cha sita, barua pepe yake na nywila yake, orodha ya vyuo na fani kwa mpangilio anaoutaka. Daftari likae kwa mtu mmoja anayeaminika. Laini yake ya simu, ile yenye jina lake, ikae kwenye simu ya nyumbani, yenye chaji, mikononi mwa mtu anayejua kusoma meseji. Steshenari itumike kwa kompyuta na intaneti. Namba ya simu, barua pepe na nywila ni za mtoto, na mlipe kijana wa steshenari haki yake, kazi anayoifanya ni ya maana.

Namba ya mtihani wa kidato cha nne ninayoitaja hapa itumike ileile kwenye chuo na kwenye mkopo. Mtoto aliyerudia mtihani ana namba mbili. Akitumia moja huku na nyingine kule, Bodi haitamwona kwenye orodha ya waliodahiliwa, na mkopo wake utakaa bila mwenyewe.

Majina yakitoka, aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja anatumiwa namba ya uthibitisho. Anaingia kwenye akaunti yake ya chuo anachokitaka, anaiweka, basi. Zipo siku chache tu za kufanya hivyo, na tarehe zinatangazwa na TCU. Asiyethibitisha anahesabiwa hana chuo. Ndivyo vyuo viwili vinavyopotea. Binti wa yule mama tulimwombea dirisha la pili, kwa laini ya mama, akapata. Si kilimo alichokitaka. Anasoma, anaendelea, na kila nikimkumbuka moyo unaniuma kidogo.

Mkopo, na hesabu yake

Fomu ya mkopo inajazwa kwenye mfumo wa Bodi, inachapishwa, inasainiwa, inaskaniwa na kupandishwa tena. Hatua ya saini ndiyo ndefu. Anasaini mwombaji, anasaini mdhamini na kitambulisho chake, anasaini na kugonga muhuri mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kisha hakimu au wakili. Mwenyekiti yupo shambani, hakimu yupo kikaoni, na kila mmoja ana siku yake. Weka wiki nzima kwa kazi hii.

Kwa mdhamini, nawaambia wazazi wa Kimakonde, Kimwera na Kiyao jambo ambalo wanalijua kuliko mimi: mjomba ana neno. Nimeona maombi yamelala nyumbani siku kumi kwa sababu baba ameshakubali lakini mjomba hajaambiwa, na kitambulisho kinachotakiwa ni cha mjomba. Mwite mapema, mweleze kwa utaratibu, mwoneshe na kitabu cha fani. Mjomba aliyeshirikishwa tangu Desemba ndiye anayekuja kutoa nauli Oktoba.

Mkopo unatolewa kwa uhitaji. Yatima, mwenye mzazi mmoja, mwenye ulemavu yeye au mzazi wake, anayetoka kaya ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wote wana nyaraka za kuthibitisha hali hiyo, na nyaraka isiyoambatishwa ni sawa na hali isiyokuwepo. Usimwonee haya mtu yeyote kuandika ukweli wa nyumba yako. Mkopo wenyewe una vipengele: ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya fani, mafunzo kwa vitendo. Mtu anaweza kupewa vyote au sehemu. Chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na hii ndiyo "bumu" mnayosikia wanachuo wakiisubiri. Majina yanatoka kwa awamu, kwa hiyo kukosekana awamu ya kwanza si mwisho, na baadaye lipo dirisha la rufaa. Stashahada nayo, kwa baadhi ya fani za kipaumbele kama afya na ualimu, imeanza kupata mkopo tangu 2023/24. Waliofanya vizuri kabisa kwenye sayansi waangalie pia Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/23. Huo haurudishwi.

Wazee wengi wa Lindi na Kilwa wananiuliza kuhusu riba. La dini wamuulize shehe wao, mimi nawapa hesabu. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo, ilifutwa mwaka 2021. Mhitimu anaanza kudaiwa miezi 24 baada ya kumaliza, na akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe.

Karibu au mbali

Wapo wanaodhani chuo ni Dar es Salaam tu. Mtwara tuna chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris, kilicho chini ya SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi, na kina kozi ya msingi kwa ambao pointi zao hazikufika kiwango. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinaleta kampasi Lindi. Mtoto anayelala kwa shangazi yake Chikongola na kula ugali wa nyumbani anaweza kusoma kwa mkopo nusu ambao Dar ungemshinda. Na wa Masasi asiogope Mbeya: lami ya Tunduru hadi Songea imeifanya njia hiyo kuwa ya kawaida. Kwa binti ambaye wazazi wanaogopa kumwachia, mtafuteni kwanza mtu wa kwetu aliyeko mji huo. Yupo daima.

Hatua ya mwisho ni siku ya kufika. Ada ya vyuo vya serikali kwa fani nyingi ni kati ya milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka, lakini mlangoni kuna vingine: bima ya afya 50,400, ada ya TCU 20,000, kitambulisho, umoja wa wanafunzi, chumba. Bumu haitoki siku ya kwanza. Mwanafunzi anasajiliwa chuoni kwanza, anasaini, kisha fedha inafuata, na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo mtoto asafiri na chakula cha mwezi mmoja na nusu mfukoni, hata kama ana mkopo wa asilimia 100. Oktoba hiyo korosho za mnada wa kwanza zimeshauzwa. Fungu la kwanza la malipo ni lake: nauli, godoro, ndoo, na unga wa muhogo kilo tano ambao atawashangaza nao wenzake wa bweni.